Supamaketi Ikifungwa, Tutanunua Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo linalosumbua jamaa nyingi kimyakimya. Supamaketi ya karibu imefungwa. Mlango una kufuli, na karatasi imebandikwa. Sasa tutanunua wapi?

Kuna atakayesema hilo ni jambo dogo, kwa maana vibanda ni vingi. Lakini mama anayetoka kiwandani saa mbili usiku, na watoto wanangoja nyumbani, hawezi kuliita dogo. Wala mzee anayetembea kwa mkongojo. Kwao supamaketi ilikuwa taa zinazowaka mpaka usiku, bei iliyoandikwa, na vitu vyote chini ya paa moja. Hayo ndiyo yaliyopotea. Chakula chenyewe hakijapotea, na hilo ndilo neno langu la leo: chakula kipo, ila sasa itatubidi tukifuate kwa akili na kwa umoja.

Kwanza tuelewe kwamba supamaketi hufa. Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975, na wengi wetu tulidhani itakuwapo daima. Mwezi wa Juni 2006 ilifungwa, ikafufuliwa, kisha kuanzia mwaka 2015 ikayumba tena. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwezi wa Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ivunjwe. Tuskys, iliyoanzia Nakuru, ilianza kufunga matawi mwaka 2020, moja baada ya jingine. Hata Shoprite ya Afrika Kusini, iliyoingia nchini mwaka 2018, kufikia 2021 ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Mbona maduka makubwa hivyo huanguka? Si kwa kukosa wateja. Mara nyingi duka hufungua matawi mengi kwa pesa za mkopo, na pia kwa pesa za watu wengine. Huchukua mkate, maziwa na mayai leo, hukuuzia wewe kwa pesa taslimu, halafu aliyeleta mali hungoja miezi kabla ya kulipwa. Siku moja anakataa kuleta. Rafu zinabaki wazi, wateja wanahama, kodi ya jengo hailipwi, mlango unafungwa. Kwa hiyo ukiona rafu zimejazwa kitu cha aina moja ili zisionekane tupu, na mkate hauji kila siku, jua kuna ugonjwa. Kama una pointi kwenye kadi au vocha ya zawadi, itumie mapema. Duka likishavunjwa, mwenye vocha husimama kwenye foleni pamoja na benki na wadai wengine wote, na hapo mdogo ni nadra kupata kitu.

Sasa tuje kwetu. Tujiulize: vile vitu vilivyokuwa kwenye rafu vilitoka wapi? Mafuta ya kupikia ya Bidco yanatengenezwa hapa Thika. Unga wa Soko na mchele wa Pearl vinafungwa hapa Thika, kwa Capwell. Maziwa ya Brookside yanatoka Ruiru. Ndizi na avokado zinashuka kutoka Murang'a. Mchele unakuja kutoka Mwea. Kwa barabara ya Garissa zinakuja embe na ndengu za Matuu na Mwingi. Sisi tumekaa kwenye mlango wa ghala! Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 251,000 Thika. Watu wote hao hawakuwa wakilishwa na supamaketi peke yake. Walilishwa na soko, na duka, na mama mboga. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tutazame mahali pa kununua, pamoja na faida na hasara zake.

1. Mama mboga na duka la mtaa. Hawa wako karibu, hawahitaji nauli, na wakikujua wanaweza kukukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Hasara yake ni kwamba kununua kidogo kidogo ni ghali. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya sukari ni shilingi 150, na robo kilo inauzwa kwa shilingi 45. Ukinunua robo mara nne umelipa 180. Shilingi 30 zimekwenda bila wewe kuziona. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mafuta ya kupima, unga, sabuni na majani ya chai, uone mwezi mzima unapoteza kiasi gani. Simlaumu mwenye duka, naye ananunua kwa gharama na kodi analipa. Na siwalaumu wanaonunua kidogo, kwa maana ndizo pesa zilizopo siku ile. Lakini ni vizuri kujua.

2. Soko. Thika tunayo Madaraka, Jamhuri na Makongeni. Watu wa upande wa Ruiru wana soko la mjini, na wengine hushuka Githurai. Mboga, viazi, nyanya na nafaka huwa na bei nafuu zaidi kwa anayefika mapema na kununua kwa wingi. Hasara ni nauli, muda, na mzigo wa kubeba.

3. Duka la bei ya jumla. Huko utapata sukari, mchele, unga, mafuta na sabuni kwa bunda au katoni. Ukiwa peke yako pengine huwezi, lakini mkiwa kikundi mnaweza.

4. Mashine ya kusaga unga. Ukinunua mahindi kwa gorogoro na kuyasaga mwenyewe, mara nyingi unga huwa nafuu kuliko wa pakiti, tena ni wa nafaka nzima. Ila kuna hatari nitakayoieleza.

5. Supamaketi nyingine. Bado zipo, na wakati mwingine pengo halikai sana. Pale Thika Road Mall, nafasi ya Nakumatt ilichukuliwa na Carrefour. Lakini kabla ya kupanda matatu, toa nauli kwenye ile nafuu unayoifuata. Ukiokoa shilingi 80 kwenye bei, na nauli ya kwenda na kurudi ni 120, umepoteza 40 na asubuhi nzima.

Hapo ndipo umoja unapoingia. Chama chetu kinajua kuchanga pesa za kupeana. Kwa nini tusichange za chakula? Watu kumi wa mtaa mmoja, iwe ni Kiandutu, Ngoingwa, Kimbo au Kihunguro, waandike mahitaji yao ya wiki mbili. Wawili waende sokoni na duka la jumla. Nauli ya wawili ikiwa shilingi 240, kila mmoja wa wale kumi anatoa 24 tu. Gunia la viazi likigawanywa, kila nyumba inapata bei ya gunia badala ya bei ya kibandani. Na yule mzee wa mkongojo analetewa mlangoni.

Lakini tuwekeane sheria. Pesa zitolewe kabla ya kwenda, si baada. Risiti zisomwe mbele ya wote, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wanunuzi wabadilishwe kwa zamu, ili mtu asianze kufanya kazi ya kikundi kuwa duka lake. Na msinunue kitu kinachooza haraka kuliko mnavyoweza kukila. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja bila friji, na gunia la nyanya zilizooza si akiba.

Sasa tahadhari. Katika supamaketi, mtu mwingine alitupimia na kutuchagulia. Sokoni ni macho yako. Tazama gorogoro kama imebonyezwa chini, kwa maana ujazo hupungua. Tazama mizani kama inaanza kwenye sifuri. Ukidhulumiwa mara kwa mara, maofisa wa vipimo wapo katika kaunti, wapelekeeni habari kama kikundi. Mahindi yenye unyevu, yaliyobadilika rangi au yanayonuka ukungu msiyanunue hata yakiwa ya bei ya kutupa. Yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Tena msidhani pakiti peke yake ni kinga: mwezi wa Novemba 2019 shirika la KEBS lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Maziwa ya kupima yachemsheni kila mara, hata mkimjua mwenye ng'ombe.

Mwisho, nina neno kwa ndugu zetu wanaouza. Wako hapa wenye kuku wa mayai na wanaolima mboga. Duka kubwa likifungwa, mama aliyenunua huenda akakosa sukari jioni moja. Lakini aliyepeleka mayai kwa mkopo huenda akakosa karo ya mwaka mzima. Usipeleke mali yako yote kwa mnunuzi mmoja, hata awe mkubwa namna gani. Andikianeni siku ya malipo. Siku hiyo ikipita, usiongeze mali juu ya deni. Halmashauri ya Ushindani nchini hupokea malalamiko ya wauzaji wanaocheleweshewa malipo na wanunuzi wakubwa, basi msikae kimya. Na kikundi chenye jamaa kumi za kununua trei kumi za mayai kila wiki mbili ni soko pia. Nalo hulipa siku ile ile.

Kwa hivyo msirudi nyumbani mkilia duka. Rudini mkiuliza jirani: wewe unanunua wapi, na kwa bei gani? Jibu la watu kumi likiandikwa kwenye karatasi moja, tayari mna ramani.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyeumia zaidi duka lilipofungwa? Tumsaidie vipi?

2. Ni vitu gani vitano tunavyonunua sote kila mwezi? Andikeni bei zake kibandani, sokoni na duka la jumla.

3. Nani kati yetu anazalisha chakula ambacho kikundi kinaweza kununua?