Kujenga Bwawa Penye Vita

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka tuzungumze habari ya kazi. Siyo kazi ya shambani. Hiyo ninyi ndio walimu wetu. Tunataka kuzungumza habari ya mtu anayetoka kwao, akavuka mpaka, akaenda nchi ya watu kujenga bwawa la umeme, na nchi ile ina vita. Katika kituo kimoja cha kisomo mzee mmoja alituuliza, "Mwalimu, kijana wangu ni fundi wa zege. Akiitwa nchi ya nje kujenga bwawa, mshahara mnono, lakini pana vita, aende asiende?"

Hatukumjibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tulimweleza habari za bwawa moja la jirani zetu wa Msumbiji. Nanyi tutawaeleza vile vile, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Bwawa hilo linaitwa Cahora Bassa. Liko katika mto Zambezi, mkoa wa Tete. Husemwa kwamba jina hilo kwa lugha ya watu wa pale maana yake ni "kazi imekwisha", kwa sababu mto unapita kwenye mawe makubwa kwa kasi, na wapiga makasia wakifika hapo hawana njia tena. Hata yule Mzungu Livingstone mwaka 1858 alikwama hapo hapo.

Leo pale pana ukuta wa zege wenye kimo cha mita 171. Umeme wake ni megawati 2,075. Ukitaka kulinganisha, bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Basi ni ndugu wawili wa kimo kimoja. Kule Rufiji nako walikuja wageni, mafundi kutoka Misri, lakini hawakuikuta vita.

Cahora Bassa ilikuwa vingine. Kazi ilipoanza mwaka 1969, Msumbiji ilikuwa bado koloni la Wareno. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa kimekwisha anza kupigana tangu mwaka 1964. Mwaka 1968 kilifungua uwanja wa vita huko Tete. Kwa hiyo wajenzi hawakukutwa na vita kazini. Waliikuta inawangoja.

Sasa, bwawa lile lilikuwa la nani? Hili ndilo swali. Umeme wake karibu wote ulikusudiwa kwenda kwa makaburu wa Afrika Kusini, kwa waya wenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,400. Wareno walitaka pia kuleta walowezi wakae bonde la Zambezi. Ndiyo sababu wapigania uhuru waliliona kuwa ni boma la adui. Na mtu anayejenga boma la adui, hata kama mkononi ana mwiko tu, hawezi kusema, "Mimi si mwenzao, mimi nimefuata mshahara." Anaweza kusema, lakini nani atamsikia?

Wako waliolisikia swali hilo mapema. Kampuni moja ya Sweden, ASEA, ilijitoa mwaka 1969 baada ya wananchi wa kwao kupiga kelele. Mwaka 1970 Rais Kaunda wa Zambia alikwenda Ulaya kuwaomba wakubwa wa huko wazuie kampuni zao. Wengine hawakusikia. Kampuni za Afrika Kusini, Ujerumani Magharibi ya wakati ule, Ufaransa na Ureno ziliendelea.

Wafanyakazi walikuwa maelfu. Wazungu walijengewa mji wa Songo, juu mlimani penye hewa nzuri, wenye shule na hospitali. Waafrika walikaa kambini, na kazi nzito ilikuwa yao: kupasua mwamba kwa baruti, kuchimba pango kubwa ardhini la kuweka mitambo, kubeba, kumimina zege, na jua la Tete mnalisikia tu, joto hupita digrii 40. Mshahara ulikwenda kwa rangi. Na watu wenyewe wa bondeni, zaidi ya 30,000, walihamishwa, wengi wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi wa askari wasije wakawapa chakula wapigania uhuru.

Sikilizeni sana sehemu hii. Wareno walilizungushia bwawa ulinzi wa kila namna: seng'enge, askari, na maelfu na maelfu ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Ukuta wenyewe haukuvunjwa. Hatari ilikuwa wapi basi? Barabarani! Saruji haioti Songo. Nondo hazioti Songo. Kila kitu kilikuja kwa reli kutoka bandari ya Beira, kisha kwa malori. Wapigania uhuru walitega mabomu njiani, wakashambulia misafara ya malori na treni. Aliyekuwa ndani ya uzio alilala. Dereva, utingo, na kibarua aliyepanda juu ya mzigo, hao ndio waliokuwa vitani.

Nasi tunaposoma habari za mabwawa mengine, tunaona jambo hilo hilo. Nchini Afghanistan kuna bwawa liitwalo Kajaki, katika mkoa wa Helmand. Mwaka 2008 majeshi ya Uingereza na wenzao walisindikiza mtambo mmoja wa umeme kulipeleka bwawa hilo. Magari kama 100, maelfu ya askari, siku kadha njiani. Mtambo ulifika salama. Lakini ili kuufunga ilitakiwa saruji nyingi, na saruji haikuweza kupita barabarani. Mafundi wa kigeni wakaondoka. Mtambo ukakaa tu, hata mwaka 2016 ndipo ukaanza kazi. Miaka minane, ndugu zangu, kwa ajili ya barabara.

Na Pakistan, kwenye bwawa la Dasu katika mto Indus, Wachina wanajenga pamoja na wenyeji. Tarehe 14 Julai 1921? Hapana, si zamani hizo: ni mwaka 2021. Basi la wafanyakazi lilikuwa linakwenda kazini asubuhi, likapigwa na gari lenye baruti. Walikufa watu 13, Wachina 9 na Wapakistani 4. Tarehe 26 Machi 2024, karibu na mji wa Besham, ikawa tena: mafundi 5 wa Kichina na dereva wao Mpakistani. Hao wote hawakufia bwawani. Walikuwa safarini. Na tazameni, kila mara yumo mwenyeji aliyekufa pamoja na mgeni, ila jina lake halitajwi sana.

Tumalize habari ya Cahora Bassa, maana ina mgeuko. Aprili 1974 serikali ya Ureno iliangushwa kwao. Mwezi Desemba mwaka huo maji yakaanza kujazwa. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na wale wale waliolipinga bwawa wakawa ndio walinzi wake. Lakini vita haikwisha. Wapinzani wa RENAMO, wakisaidiwa na makaburu, waliangusha nguzo za waya wa umeme, si kumi wala ishirini, zaidi ya 1,000. Mitambo ikawa mizima lakini umeme hauna njia. Hata baada ya amani ya mwaka 1992, mafundi hawakuweza kusimamisha nguzo mpya hovyo hovyo, kwanza mabomu yaondolewe. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu mwaka 2015, na katika kazi hiyo walisaidia pia panya buku waliofundishwa hapa kwetu Morogoro. (Mnacheka, lakini ni kweli.) Bwawa lenyewe liliingia mikononi mwa Msumbiji mwaka 2007, miaka 32 baada ya uhuru.

Sasa turudi kwa kijana fundi wa zege. Vijana wengi wakiitwa huuliza jambo moja tu, mshahara ni shilingi ngapi. Sisi tunasema kwanza aulize bwawa ni la nani, nani analitaka na nani halitaki. Watu wa bonde wamekubali kuhama, au wamesukumwa? Kisha aulize habari ya njia. Kutoka uwanja wa ndege mpaka kambini ni kilomita ngapi, anasafiri kwa nini, na nani anamsindikiza. Akijibiwa, "Usijali, kambi ina ulinzi mkali," ajue hajajibiwa. Hakuuliza kambi.

Halafu mkataba. Hapo ndipo kusoma kwenu kunapofanya kazi. Mikataba mingi ya bima ina kifungu, mara nyingi nyuma kabisa na kwa maandishi madogo, kinachosema bima hailipi mtu akiumia au akifa kwa sababu ya vita. Mtu anakwenda penye vita, na bima yake inafunika kila kitu isipokuwa vita! Kitafuteni kifungu hicho. Tafuteni pia panaposema nani atalipa nauli ya kurudi kazi ikisimama, mshahara wa mwezi ule utalipwa au la, na akifa maiti italetwa nyumbani kwa gharama ya nani. Kama hapana maandishi, maneno ya wakala hayatoshi, hata akiwa ni jamaa yenu.

Mkataba ukiwa kwa Kiingereza au Kiarabu, msiweke sahihi siku ile ile. Ombeni nakala, mkae nayo. Vituo vyetu viko wazi Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Karatasi yo yote ya namna hiyo ileteni, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, na kijana mwenyewe awepo.