Himaya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kericho)



Maana ya "himaya" ni ulinzi. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya nchi yetu Himaya. Mwaka 1939 Wajerumani wa Hitler waliingia nchi ya Wacheki, nao wakaiita Himaya. Ofisi za kazi zikaandika majina ya vijana, maelfu wakapelekwa viwanda vya Ujerumani.

Hapa kwetu ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa, wakapewa walowezi na kampuni za chai. Tangu 1920 mwanamume alivaa kipande shingoni. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi.

Sisemi mambo hayo ni sawa. Wanazi waliua watu wengi mno. Lakini mtu akinyang'anywa shamba, na karatasi yake ikashikwa na mwingine, haendi kazini kwa hiari.

Kipande kimekwisha. Nyumba ya kampuni ingalipo: kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Watoto watalala wapi? Basi tukikaa mezani na mwajiri, tusidai mshahara tu. Tudai na muda wa kuhama, uandikwe katika mkataba.