FEDHA YA POMBE IRUDI KWA WALIOUMIZWA NA POMBE
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanaushirika)



Hatukuja kutukana walevi. Mlevi ni ndugu yetu. Lakini jembe lake likilala, njaa inaingia nyumbani kwake na deni lake linabaki katika daftari la ushirika wetu.

Kila chupa ya bia ina kodi ndani yake. Kilabu chetu nacho hulipa ushuru kijijini. Sasa sisi tunauliza: katika fedha hiyo, ni ngapi inayorudi kumtibu yule aliyeshindwa kuacha?

Wenzetu wa Uswisi wameliandika jambo hili katika Katiba yao, kifungu cha 131. Katika mapato halisi ya kodi ya pombe kali, asilimia 10 hupewa majimbo, na lazima itumike kupambana na uraibu, chanzo chake na madhara yake. Thailand nao, tangu mwaka 2001, huongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, ikaingia katika mfuko wa kukuza afya ya watu.

Elimu nasi tunaihitaji. Wengi husema, "Mlevi mfungie ndani siku 3, ataacha." Jamani, hiyo ni hatari! Aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Huyo apelekwe kwa waganga wa zahanati au hospitali, wamwachishe kwa dawa.

Basi tunapendekeza hivi:

1. Katika kila shilingi 100 za ushuru wa kilabu, 10 ziwekwe kando kwa nauli ya mgonjwa na somo la pombe katika kisomo cha jioni.

2. Jambo hili lijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji, liwe sheria ndogo, kisha lipelekwe halmashauri ya wilaya likubaliwe.

3. Ushuru usipandishwe huku gongo ikiachwa ipikwe vichakani. Bei ya kilabuni ikipanda, watu watakimbilia gongo, ambayo hailipi kodi na inaua.

4. Hesabu ibandikwe ukutani hapa kila mwezi. Tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, basi na hesabu hii tuisome. Fedha isiyosomwa hupotea.

Ndugu zangu, pombe imekula nguvu ya kijiji miaka mingi. Sasa nayo ilipe.

Kazi kwetu.