Ngome ya Simbamwene na Mfereji Wake

Mara nyingi tukitaja majengo ya ajabu, mawazo yetu huvuka bahari, yakafika kwenye piramidi za Misri au ukuta mrefu wa China. Leo twapenda kuwaleta karibu zaidi, chini ya milima ya Uluguru, kwenye nchi ya Morogoro. Hapo kale palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe, nao uliitwa Simbamwene.

Aliyeujenga ni Kisabengo, mtu hodari na mwerevu, aliyeogopwa sana kwa vita vyake na kwa kuteka watu. Alichagua mahali penye maji mengi, karibu na njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Alipokaribia kufa, aliagiza binti yake mkubwa amrithi, akampa na jina la mji. Basi mji ukawa Simbamwene, na malkia wake naye Simbamwene.

Mwaka 1871 msafiri Stanley alipita hapo akimtafuta Livingstone. Aliandika kwamba mji ulikuwa wa pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe. Katikati ya kila upande palikuwa na lango, lenye milango ya mbao ngumu iliyochorwa nakshi za Kiarabu. Ukuta ulitobolewa safu mbili za matundu ya kupigia bunduki. Ndani alikadiria nyumba 1,000, na watu 3,000 au hata 5,000. Alisema kwamba kule Uajemi, nje ya miji mikubwa, hakuona mji wenye boma bora kuliko lile.

Natuutazame ukuta huo kwa jicho la fundi. Kwa nini minara iliwekwa pembeni? Kwa sababu mlinzi aliye pembeni huona pande mbili za ukuta kwa mara moja, na adui akifika chini ya ukuta hana mahali pa kujificha. Kwa vita vya watu, kazi ile ilifanywa kwa akili nyingi.

Lakini Kisabengo alifanya na kazi nyingine. Alichimbisha mfereji mkubwa ili tawi la mto Ngerengere lipite karibu na mji wake. Mfereji huo ulikuwa fahari yake, maana uliwaletea watu maji karibu na milango yao.

Aprili 1872 ikaja tufani kuu. Ndiyo iliyoangusha mikarafuu mingi kule Unguja. Milima ya Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na mvua ikinyesha huko juu, maji huteremka kwa kasi kubwa hata bondeni. Mto ulifurika, ukaufuata mfereji. Stanley aliporudi kutoka bara mwaka huo huo, aliona ukuta wote wa mbele umechukuliwa na maji, na nyumba kadiri ya 50 zimebomoka. Malkia alikuwa amekimbia. Mto wenyewe ulikuwa umejifanyia njia mpya, yadi 300 hivi kutoka mjini.

Fikirini jambo hili, wasikilizaji. Minara ilingoja adui mwenye bunduki. Adui aliyekuja hakuwa na bunduki, wala hakugonga lango. Alipita katika njia aliyochimbiwa na mwenye mji.

Msidhani mambo hayo ni ya kale tu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, mafuriko yaliharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, ingawa iliwekwa na mainjinia wenye vipimo na vyombo vizuri.

Hatusemi kwamba watu wasichimbe mifereji. Bila maji hakuna shamba wala mji. Twasema kwamba mwenye kuleta mto karibu na nyumba yake hana budi kuufikiria siku ya masika makubwa, si siku ya kiangazi tu. Na mwenye kutaka kujenga bondeni, kabla hajaweka jiwe la kwanza, na awaulize wazee mto ulipita wapi zamani. Wahenga walisema: Maji hufuata mkondo.