Muundo wa Kampuni Changa: Utangazwe au Ufichwe?



Swali la mazungumzo haya ni moja. Je, kampuni changa, hasa zile zinazotengeneza programu za kompyuta, zitangaze hadharani muundo wake wa kazi, yaani nani anaongoza nini na nani anawajibika kwa nani? Au jambo hilo libaki siri ya ndani?

Wako waliokwisha kujibu kwa vitendo. Kampuni ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wametawanyika katika nchi nyingi, imeweka kitabu cha taratibu zake katika intaneti ili kila apendaye akisome. Humo zimeelezwa idara, vyeo na wajibu wa kila cheo. Uwazi huo haukuizuia kuingia katika soko la hisa la Nasdaq, nchini Marekani, mwezi Oktoba 2021.

Faida yake ni dhahiri. Mwombaji kazi hujua anakoingia, na mteja humjua wa kumwuliza. Aidha, kiongozi ambaye wajibu wake umetajwa mbele ya watu hawezi kuukana pindi mambo yanapoharibika.

Wapo wanaopinga. Wanasema washindani watawashawishi mafundi hodari wahame, na matapeli watamjua mwenye idhini ya malipo, kisha wajifanye mkubwa wake. Hoja hizi ni nzito, lakini zinahusu majina ya watu zaidi kuliko muundo wenyewe. Cheo na wajibu vyaweza kutangazwa pasipo kutaja jina wala namba ya simu ya mtu.

Hatari kubwa iko kwingine. Mwaka 2012 mwongozo wa wafanyakazi wa Valve, kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya kompyuta, ulienea hadharani. Ulieleza kwamba humo hamna mabosi, na kwamba kila mmoja hujichagulia kazi. Wasomaji wengi waliusifu. Lakini mwaka 2013 Jeri Ellsworth, mhandisi aliyekuwa ameondoka katika kampuni hiyo, alisema kuwa chini ya usawa huo kulikuwako tabaka la siri la wenye nguvu. Nyumba njema si mlango.

Mtumishi wa serikali na mwalimu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wao huijua tofauti iliyopo kati ya chati iliyobandikwa ukutani na mtu ambaye faili haliendi bila ridhaa yake. Anayeumia kwa tofauti hiyo ni mfanyakazi mgeni, asiyejua malalamiko yake ayapeleke wapi.

Kwa hiyo basi, kampuni changa na itangaze muundo wake, lakini uwe ule unaofanya kazi kweli, tena uandikwe tarehe, kwa kuwa kampuni ya namna hiyo hubadilika kila baada ya miezi michache. Na kabla ya kuutangaza kwa walimwengu, wasomewe kwanza wafanyakazi wenyewe. Wasipoitambua humo kampuni yao, hapana budi kurekebisha kwanza mambo ya ndani.