Mguu Mmoja Unapovimba: Mazungumzo kwa Askari wa Jeshi na Polisi

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu maradhi ambayo aghalabu hupachikwa jina la maradhi mengine. Mguu mmoja huvimba, jirani wakasema mtu huyu amekanyaga uchawi. Kifua hubana ghafla, wakasema ni malaria iliyompanda au ni nimonia. Kumbe damu imeganda mahali isipopaswa kuganda.

Kuganda kwa damu si ubaya. Mvuvi wa mukeke ajikataye kwa kisu huokolewa na damu hiyo hiyo inayoganda. Hatari huja inapoganda ndani ya vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, na hasa vena za ndani za mguu na paja. Damu ya mguuni hupanda juu kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huzikamua vena mtu atembeapo. Misuli ikilala, damu hutuama. Bonge likiisha kufanyika laweza kubanduka, likapita moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Likiwa kubwa huua kwa dakika chache.

Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba bonge la mapafuni hutoka mbali, likichukuliwa na mkondo wa damu. Sababu zenyewe leo hutajwa tatu: damu kutuama, mshipa kujeruhiwa, na damu kuwa nyepesi mno kuganda. Askari aliyevunjika paja, akapasuliwa, kisha akalazwa na plasta, anazo zote tatu kwa pamoja. Mke wake aliyejifungua juzi naye yumo hatarini, na kadhalika wenye saratani, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI.

Wala haihitaji jeraha. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu na ndege za Ujerumani, daktari Keith Simpson aliandika habari za watu waliokufa ghafla kwa mabonge ya mapafuni baada ya kukaa usiku kucha katika makimbilio, juu ya viti ambavyo ukingo wake uliwabana nyuma ya mapaja. Bomu halikuwagusa. Mlinzi anayeketi zamu nzima bila kunyanyuka na ayafikirie hayo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kuketi saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo mara mbili hivi, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe hubaki ndogo. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kilomita 75 hivi, si safari ya kumtisha mtu. Lakini askari wetu wamekwisha kwenda mbali zaidi, kama wale walioanza kupelekwa Somalia Desemba 2007, na katika safari za namna hiyo yafaa kuchezesha vifundo vya miguu, kusimama kila inapowezekana na kunywa maji.

Dalili ni zipi? Mguu mmoja, si yote miwili, huvimba, huuma shavuni, huwa na joto. Mguu huo usikandwe wala usichuliwe kwa mawese, hata kama mkandaji ni bingwa, kwani mikono yake yaweza kulibandua bonge. Dalili za mapafuni ni kukosa pumzi ghafla, kichomi wakati wa kuvuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu au kuzimia. Hapo hakuna kungoja kukuche. Kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, jambo hilo peke yake haliondoi bonge. Mtu aweza kuwa na yote mawili.

Daktari hutazama vena kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kiitwacho kwetu ekografia: vena nzima ikibinywa hufumba, yenye bonge haifumbi. Kwa mapafu hutumika skana. Mgonjwa wa Rumonge huenda akahitaji kupelekwa Bujumbura kwa vipimo hivyo, na daktari anayeshuku sana anaweza kuanza dawa kabla ya safari.

Je, dawa yafaa? Mwaka 1960 madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walitoa taarifa ya wagonjwa 35 wa mabonge ya mapafuni. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 waliuawa na mabonge. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyeuawa nayo. Dawa zilizotumika zilikuwa sindano ya heparini na vidonge vya kuzuia damu isigande. Haziyeyushi bonge, hulizuia lisikue, mwili ukalimaliza wenyewe. Dawa za kuyeyusha zipo, nazo huwekwa kwa anayekaribia kufa, maana huvujisha damu vikali.

Matibabu huchukua angalau miezi 3, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani mguu hupungua baada ya majuma machache, vidonge vikaachwa sandukuni. Atumiaye wafarini hupimwa damu mara kwa mara. Asile lengalenga na sombe kwa wingi leo na kuziacha kesho, bali kwa kadiri ile ile. Asinywe aspirini wala ibuprofeni bila idhini ya daktari, asikubali sindano ya msuli kabla ya kueleza dawa anayotumia, na mwenye mimba hutafutiwa dawa nyingine. Askari anayehamishwa kikosi kabla ya muda huo kwisha achukue cheti chake cha dawa, na mganga wa kikosi kipya aarifiwe siku ile ile ya kuripoti.