Mji Unaposhuka Mabogini
Hotuba ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka



Sisi tunaoishi mijini tumezoea kusema tumehama Mabogini. Lakini Mabogini yenyewe imejengwa na wahamiaji. Wapo walioshuka kutoka mlimani vihamba vilipokuwa havitoshi kugawana, wapo waliotoka Upareni, na wapo waliofuata kazi ya miwa TPC. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano na Japani na kukamilika mwaka 1987, ukaleta wengine waliofuata mpunga.

Sasa mji wa Moshi nao unatushukia. Watu wanatafuta viwanja karibu na mji, na majaruba yanageuka nyumba. Hesabu yake si ngumu: jaruba likiuzwa hulipa mara moja, jaruba lenye maji hulipa kila msimu, na mchele wake hulisha mji huohuo. Ukuta wa mtu mmoja ukiziba mfereji, wote walio chini yake hukosa maji. Masika ikifika, maji yaliyonyimwa njia huingia sebuleni.

Hatumfungii mgeni mlango. Nasi tumepokelewa kwenye miji ya watu. Ombi letu ni hili: kabla ya kununua au kuuza kiwanja, tuulize mfereji unapita wapi. Michango ya leo itasafisha mifereji na kuweka alama za mipaka yake. Aliye mbali atume, aliye karibu aje na jembe.